Nani Hushona Viatu vya Mguu Uliovimba, Aba

Kurasa sitini na tatu za Ihuoma zilifutwa siku ya Jumanne, kabla ya saa sita mchana, na aliyezifuta alilipwa kwa kazi hiyo.

Alilipwa naira laki nne na nusu. Jina lake Sobechukwu, lakini alitaka aitwe Daktari Sobe, ingawa hakuna hospitali wala chuo kilichowahi kumwona. Alikuja karakanani amevaa koti la suti katika joto la Aba ambalo hata mbuzi hulikimbia. Akaweka simu mbili na kompyuta juu ya meza ya kukatia ngozi, akafuta vumbi la soli kwa leso, kisha akaanza kutikisa kichwa kama mganga aliyeletewa mgonjwa aliyecheleweshwa.

"Oga Uzo," alimwambia mwenye karakana, "nani alikuandikia uchafu huu?"

Uzodinma alitazama upande wa cherehani, alikokuwa ameketi mkewe, halafu akatazama dari. Fundi wa miaka hamsini na mbili, ambaye mikono yake ingeweza kushona kiatu macho yakiwa yamefumbwa, aliona haya kusema "mke wangu."

"Ni mimi," Ihuoma alisema bila kusimamisha cherehani.

"Aa, Mama Munachi! Usinielewe vibaya. Umejitahidi. Lakini sikilizeni wenyewe." Sobe alisoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio. "'Nani hushona viatu vya mguu uliovimba, Aba.' Huo ukurasa wa kwanza. Wa pili, 'Viatu vya bwana harusi mwenye mguu mmoja mfupi, rangi ya maziwa.' Wa tatu, 'Viatu vya kanisani vya mama mwenye kisukari, visivyobana kidole gumba.' Jamani! Kwa mwezi mzima ni watu wangapi duniani wanaoandika kitu kama hicho mtandaoni?"

"Huo wa tatu, tisa," Ihuoma alisema.

"Tisa!" Sobe alipiga meza mpaka misumari ikaruka. "Tisa, Oga Uzo! Mtu mzima una duka la watu tisa!"

"Na sita walinunua."

Sobe hakusikia, au alijitia kutosikia. Alikuwa amekwisha kuandika neno moja kubwa kwenye karatasi na kulizungushia duara. Viatu. Watu malaki, alisema, huamka kila siku wakatafuta neno hilo moja. Kwa nini fundi mkubwa wa Aba achokonoe mashimo ya panya wakati mto unapita mlangoni pake?

"Anayeandika 'viatu' peke yake hajui anataka nini," Ihuoma alisema. Sasa alikuwa amesimamisha cherehani. "Ametoka tu kutembeza macho. Anayeandika mstari mzima, miguu inamuuma. Amekwisha kuzunguka maduka matano akachekwa. Huyo pesa anayo mkononi."

"Mama, haya mambo yana elimu yake."

"Na mimi niliacha shule. Najua. Lakini simu napokea mimi."

"Mama Munachi," Uzodinma alimkatiza kwa sauti ya chini, "mwache mgeni afanye kazi."

Na mgeni akafanya. Alibonyeza, akasogeza, akabonyeza tena. Kurasa zilizoandikwa kwa miaka mitatu ziliondoka kwa muda ambao mtu huchukua kula okpa moja ya moto. Kabla ya kufuta alizinakili zote kwenye kifaa kidogo chekundu, akakitia mfukoni mwa koti. "Kwa usalama," alisema.

Kilichomleta Sobe katika nyumba ile hakikuwa njaa, kwa maana walikuwa wanakula. Kilikuwa kicheko.

Ihuoma alikuwa amegundua jambo ambalo wenye makoti hawakuligundua. Kila mteja aliyepiga simu alikuwa na namna yake ya kueleza shida, nusu kwa aibu nusu kwa hasira, na maneno yale yale ya simu ndiyo aliyoyaandika kwenye mtandao kabla ya kukata tamaa. Basi Ihuoma aliyachukua kama yalivyo, akayaweka juu ya ukurasa, na chini yake akajibu kwa lugha ya kawaida. Weka mguu juu ya karatasi ya daftari. Zungusha penseli. Weka kiberiti kando ya mguu, piga picha, tuma. Kwa urefu wa kile kiberiti Uzodinma alijua kipimo, akaongeza vipande vya ngozi juu ya kalibu, ule mguu wa mbao wa fundi, mpaka ikafanana na mguu wa mwenyewe, nundu kwa nundu. Oda ishirini kwa mwezi, miezi mingine ishirini na tano. Zilimsomesha Munachi, binti yao, chuo cha uuguzi kule Umuahia.

Lakini Jumapili moja, katika mkutano wa watu wa kijiji chao waishio Aba, mwenyekiti Okezie alitoa simu yake baada ya sala ya kufungua akasoma ukurasa mmoja mbele ya wanaume arobaini. Okezie huuza mabati. Hajapata kushona hata kifungo.

"Ndugu zangu," alisema, "watu wengine wa Aba wanauza viatu. Mwenzetu Uzo anauza magonjwa!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, "Dede Uzo, mimi nina bawasiri, saizi yangu unayo?" Mwingine akauliza kama karakana inapokea kadi za bima. Uzodinma alicheka pamoja nao, kwa kuwa mwanamume akichekwa akakosa kucheka huchekwa mara mbili. Alirudi nyumbani akakataa chakula. Wiki ile ile akamtafuta Sobe.

Na Sobe alimjua mtu wake. Kabla ya kufunga kompyuta alisema, "Jambo la mwisho. Jina la Aba litoke. Aba inanuka gundi. Tuandike Italia."

Mtu wa mji mwingine angeuliza Italia imeingiaje. Uzodinma hakuuliza. Kwa miaka kumi na minane, kabla ya simu za Ihuoma, alikuwa amegonga muhuri wa Italia kwenye soli kama alivyofundishwa na bwana wake, na bwana wake alivyofundishwa na wa kwake, mafundi hodari kizazi baada ya kizazi wakiwazawadia Wazungu wasiowajua kazi ya mikono yao. Alifungua saraka, akautoa muhuri wa zamani, akaupuliza vumbi. Uso wake uling'aa kama wa bwana harusi.

"Hawa wateja wetu wanatafuta Aba," Ihuoma alisema. "Wanataka mahali wanapoweza kuja wakagombana na mtu kiatu kikibana. Italia watagombana na nani?"

"Wewe," Uzodinma alisema, "unapenda tuchekwe."

*

Wiki ya tatu Sobe alileta habari njema. Wageni wa tovuti walikuwa wamefika elfu nne kwa siku. Zamani hawakuzidi arobaini. Alionyesha mstari mwekundu unaopanda kwenye simu yake kama moshi wa tairi, na Uzodinma akaomba apewe picha ya mstari ule. Akaipeleka mkutanoni. Okezie aliitazama, akasema, "Ehee, sasa umekuwa mtu." Kwa maneno hayo manne Uzodinma aliwanunulia wanaume kumi na mmoja supu ya pilipili na kreti mbili za bia.

Kilemba cha ukoka hakina uzito, ndiyo maana mjinga hasikii anapovikwa. Uzodinma alianza kutembea katika mistari ya mafundi ya soko la Ariaria mikono ikiwa nyuma. Alinunua ngozi ya jozi mia tatu ili wimbi la wateja lisimkute mikono mitupu. Zikashonwa, zikagongwa Italia, zikapangwa kwenye masanduku hadi dirishani, na zote zilikuwa za miguu mizuri, miguu iliyonyooka, ile ambayo kila duka la Aba lina viatu vyake.

Simu zililia, hilo haliwezi kukanushwa. Ihuoma aliendelea kupokea.

"Halo, ni kiwanda cha viatu? Mna viatu vya farasi?"

"Hapana, baba."

"Basi mmeandika viatu vya nini?"

Mwanafunzi mmoja alitaka historia ya kiatu, kurasa mbili, kabla ya kesho asubuhi. Mwanamke wa Lagos aliomba anwani ya duka lao la Milano kwa kuwa dada yake alikuwa anapita huko. Kijana mmoja aliuliza bei, akaambiwa elfu thelathini na tano, akacheka na kukata. Mwingine aliuliza, akacheka, hakukata, akawaita wenzake nao wasikie wacheke.

Mwezi ule waliuza jozi mbili. Uliofuata, moja, na ilirudishwa.

"Ni mwanzo," Sobe alisema Uzodinma alipompigia. "Mto ukifurika kwanza huleta taka, samaki wanakuja nyuma. Ongeza laki moja na nusu tusukume."

Uzodinma aliuza cherehani moja akasukuma.

*

Mwisho wa mwezi wa pili Ihuoma alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha karakana, hana cha kushona. Mkononi alikuwa na simu na bando la naira mia mbili. Hakuwa na mpango wowote. Aliandika tu, kama mtu anavyopita mbele ya nyumba aliyohamishwa kuona nani amehamia. Nani hushona viatu vya mguu uliovimba, Aba.

Jibu lilitokea juu kabisa.

Alifungua. Yalikuwa maneno yake. Karatasi ya daftari, penseli, kiberiti kando ya mguu. Alishuka mpaka aya ya nne, ile aliyoiandika siku moja baada ya arobaini ya mama yake na ambayo nusura aifute kwa kuona haya: "Mama yangu alikwenda kanisani na malapa miaka sita kwa sababu miguu yake haikuingia kwenye kiatu chochote. Alikaa benchi la nyuma. Usikae benchi la nyuma." Ilikuwapo, haikubadilishwa hata nukta. Juu yake palikuwa na picha ya mwanamume mnene mwenye miwani, anatabasamu: Azunna na Wanawe, Mafundi wa Miguu ya Pekee, mstari wa sita.

Mstari wa sita ulikuwa hatua mia mbili kutoka pale alipokaa.

Alijaribu nyingine. Bwana harusi mwenye mguu mfupi, Azunna. Mama wa kisukari, Azunna. Sitini na tatu zote zilikuwa kwa Azunna, na wale tisa kwa mwezi, na wale saba, na wale wanne, wote waliokuwa wamezunguka maduka matano wakachekwa, walikuwa wanapita mbele ya kizingiti chake kwenda mstari wa sita.

Alikwenda bila kuvaa viatu vya kutokea.

Azunna hakukana. Kwa hilo tu alikuwa bora kuliko wengine katika habari hii. Alimvutia kiti, akaagiza maji baridi, akafungua faili.

"Mama Munachi, karibu. Mimi nilinunua. Risiti hii hapa. 'Maandishi ya mtandao, kurasa sitini na tatu, naira laki mbili.' Sahihi ya Sobe hiyo."

"Aliziita takataka."

"Kwangu aliziita dhahabu." Azunna alivua miwani akaifuta. "Aliniambia mumeo amezitupa. Nilimpigia mumeo nihakikishe, wallahi sikutaka ugomvi na mtu wa soko moja. Unajua alinijibu nini? Alisema, 'Chukua, kaka. Mimi sasa nashughulika na Italia.'"

Ihuoma aliyashika maji, hakuyanywa. Sobe alikuwa mwizi, hilo lilikuwa jambo la kawaida, mji una wezi wa kila saizi. Lakini kumbe mnunuzi wa mali ya wizi aliulizia mlangoni, na mwenye nyumba akamwambia chukua.

"Ile habari ya mama yangu," alisema, "itoe."

Azunna alikuna shingo. "Hiyo ndiyo inayoleta watu, Mama. Wanapiga simu wanalia." Kisha, kwa kuwa alikuwa mfanyabiashara na hakuwa mkatili, akaongeza, "Wanangu hawajui kuzungumza nao. Mtu anaeleza mguu wake, mwanangu anamuuliza saizi arobaini na ngapi. Ningepata mtu wa kupokea simu… elfu sitini kwa mwezi ningeweza."

Ihuoma aliweka bilauri chini akaondoka.

*

"Ulimwambia achukue," alisema nyumbani.

Uzodinma alikuwa anakula garri, unga wa muhogo uliolowekwa kwa maji, na karanga, chakula cha watoto wa shule. Hakuinua kichwa. "Nilikuwa sijui kwamba—"

"Ulikuwa hujui nini? Kwamba nilikuwa nafanya kazi?"

"Sobe alisema—"

"Sobe, Sobe. Sobe alikuibia macho wazi ukamlipa na nauli. Nakuuliza wewe, Baba Munachi. Miaka mitatu uliongeza ngozi juu ya kalibu kwa ajili ya watu wale. Ulijua nundu za miguu yao kuliko unavyojua siku ya kuzaliwa ya mwanao. Wanakupigia kukushukuru, unaniambia nipokee mimi. Uliona kinyaa?"

Uzodinma alisukuma bakuli kando. Halafu akasema ukweli, na ulikuwa mdogo na mbaya kama ukweli wa aina yake. "Okezie alinicheka mbele za watu."

"Okezie anavaa saizi gani?"

"Sijui."

"Hajawahi kununua kwako hata kamba ya kiatu. Umekata pua kuunga uso wa mtu anayeuza mabati."

Ihuoma alijaribu kuokoa kilichobaki. Aliziandika upya kwa simu, kurasa kumi na moja kwa wiki mbili, kwa kukumbuka. Kijana wa duka la kompyuta alimsaidia kuzirudisha kwenye tovuti yao, kisha akamweleza kwa huruma kwamba mtandao ulikuwa umekwisha kuyaona maneno yale kwa Azunna. Yake yalihesabiwa kuwa nakala, na nakala hutupwa chini kabisa. Yeye aliyeandika ndiye aliyeonekana mwizi. Kijana aliona aibu kumtoza pesa, akamtoza nusu.

Sobe alipopigiwa, simu zote mbili zilikuwa hazipatikani. Baadaye walisikia yuko Onitsha, anawafundisha wauza vipuri vya magari.

Wenye soko walikuja kudai kodi ya karakana ya mwaka mpya. Jozi mia mbili na tisini na nane za Italia ziliuzwa kwa jumla kwa mchuuzi wa Kano, ambaye alizipekua moja moja, akachungulia muhuri, akasema, "Aba mnajitahidi," akataja bei chini ya gharama ya ngozi. Uzodinma alikubali. Kodi ilipita, mwezi mmoja wa kula ukapita, halafu hapakuwa na kitu cha kupitishia mwezi mwingine. Karakana ikafungwa. Mwenyekiti Okezie alituma salamu za pole kwa mkono wa mtu.

Ihuoma alikwenda mstari wa sita siku ya Jumatatu. Safari hii alivaa viatu vya kutokea. Azunna alimpa meza, simu na daftari jipya, na hakujigamba. Wiki mbili baadaye akamchukua na Uzodinma, fundi wa kulipwa kwa jozi, akamweka pembeni pamoja na vijana wa miaka ishirini. Kazi yake ilikuwa kuongeza ngozi juu ya kalibu. Aliifanya vizuri, kama alivyoifanya siku zote, akiwa amewapa mgongo wapita njia.

Ijumaa moja aliingia mama mmoja kutoka Umuahia, mzito, amevaa malapa ya mpira, anapumua kwa shida. Alikuwa amekuja mwenyewe kwa kuwa hakuamini kupiga picha. Ihuoma alimkalisha, akapiga magoti, akatandika karatasi sakafuni, akazungusha penseli taratibu mahali palipovimba.

"Nilipata habari zenu mtandaoni," yule mama alisema juu ya kichwa chake. "Bosi wako anaandika! Ile habari ya mama yake na benchi la nyuma, mwanangu, nililia. Mwanamume mwenye huruma vile siku hizi haonekani. Mwambie Mungu ambariki."

Pembeni, nyundo ya Uzodinma ilinyamaza.

"Nitamwambia, Madam," Ihuoma alisema. "Lete mguu wa pili."

Gharama yenyewe ni hii. Sobe alipata naira laki nne na nusu kwanza, laki moja na nusu ya kusukuma, na laki mbili kutoka kwa Azunna. Jumla laki nane. Ngozi ya jozi mia tatu iligharimu milioni mbili na laki moja, ikarudi milioni moja na laki tatu. Cherehani tatu ziliuzwa, ya kwanza ya kusukuma mto, mbili siku ya kufunga. Supu ya pilipili na bia, elfu arobaini na nane. Munachi aliachishwa chuo muhula mmoja kabla ya mtihani wa mwisho, na sasa anauza vocha Umuahia. Kwa kila jozi ya elfu thelathini na tano inayotoka mstari wa sita, Uzodinma hulipwa elfu nne. Ihuoma hulipwa elfu sitini kwa mwezi, na mwezi uliopita simu alizopokea zilileta jozi thelathini na moja.